Tope la Kisimani

Mama yangu hakujua kusoma wala kuandika, lakini nyuma ya jiko letu alikuwa na kitu ambacho mimi, niliyekuja kufundisha shule miaka mingi, nakiita maabara. Mwenyewe alikiita "vigae vyangu". Vilikuwa vipande vya vyungu vilivyovunjika, kama ishirini hivi, vimepangwa kwenye kibaraza cha udongo chini ya paa la nyasi. Kila kigae kilikuwa na maji ya rangi yake, na ndani yake kipande cha ukindu kilichofungwa mafundo. Fundo moja maana yake ukindu umelala humo siku moja. Mafundo manne, siku nne. Ukiona fundo limezungushiwa uzi wa pamba, ujue ameongeza magadi. Ole wako upite mbio umwage kimoja! Mimi nilimwaga viwili, na mgongo wangu unavikumbuka vyote viwili.

Tulikuwa tunakaa Bariadi, upande wa Somanda, miaka ile ya hamsini, wakati kila mtu alikuwa anaongea habari za pamba. Mama tulimwita Mayu, kama Wasukuma wote wanavyowaita mama zao, na sina jina jingine la kumwita hapa. Alilima pamba na mtama, alisaga kwa jiwe, alichota maji, alianika michembe ya viazi, halafu jua likianza kupoa alikaa kwenye ngozi ya ng'ombe na kuanza kushona vikapu. Alikuwa anazungusha nyasi, anazifunga kwa ukindu, anatoboa kwa msumari ulionolewa, anavuta. Vikapu vyake vilibana hata ukitia maziwa hayavuji, kwa sababu nyasi zikilowa hujaa na kuziba kila tundu. Hilo alinieleza nikiwa bado sijui kuhesabu hadi kumi.

"Kwa nini unajisumbua na rangi?" watu walikuwa wanamuuliza. "Kikapu ni kikapu."

"Baba yao ana bao lake," alikuwa anajibu. "Mimi nina vigae."

Basi. Na Baba, aliyekuwa anaweza kukaa na bao mpaka ng'ombe warudi wenyewe, alikuwa anajifanya hakusikia.

Rangi nyekundu aliipata kwenye maganda ya mabua ya mtama mwekundu. Manjano aliitoa kwenye mzizi fulani aliokwenda kuuchimba peke yake, na mpaka leo sijaujua, maana alikuwa mchoyo wa mzizi ule, Mungu amsamehe. Nyeusi ndiyo ilikuwa fahari yake. Alichemsha magome ya mgunga mpaka maji yakawa kama chai iliyokolea, akaloweka ukindu humo siku nzima, kisha akauzika ndani ya tope jeusi la mbugani kwa siku tatu. Ukitoka humo na kuoshwa, ulikuwa mweusi wa kung'aa, mweusi usiochuja hata ukifuliwa. Miaka mingi baadaye, chuoni, mwalimu wetu alitueleza kwamba ndani ya tope la namna ile mna chuma, na magome yana asidi yake, na vikikutana ndipo weusi unapozaliwa. Darasa zima waliandika. Mimi niliweka kalamu chini nikacheka peke yangu, mwalimu akanitoa nje.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Mwaka ule dada yangu, mkubwa kwangu kwa miaka minane, alikuwa ameshachumbiwa kwa watu wa karibu na Malampaka. Ng'ombe walishakuja, siku ilishapangwa, baada ya mavuno ya mtama. Nyumbani kwetu desturi ilikuwa kwamba binti akipelekwa kwa mumewe, unga wa kwanza anaoingia nao unakuwa ndani ya kikapu kilichotoka mikononi mwa mama yake. Mama mkwe anakipokea mbele ya wanawake wenzake, anakigeuza, anakipapasa, na hapo ndipo wanapojua huyu binti katoka kwa watu wa namna gani. Mama mkwe huyo mwenyewe alikuwa mshonaji anayejulikana. Kwa hiyo Mayu alikuwa amekiwaza kikapu kile tangu siku ng'ombe wa kwanza alipoingia zizini. Alishachora nakshi yake chini kwa kijiti mara kumi: mistari myeusi inayopanda kwa kukatana na myekundu, mpaka kwenye kifuniko.

Naye shangazi yetu, dada yake Baba, alikuwa amekuja kutoka Nassa na mzigo wa furu, wale samaki wadogo, wakavu, na maneno mengi. Nilimpenda shangazi, lakini mdomo wake, loo! Aliviangalia vile vigae ishirini vya nyuma ya jiko, akashika kiuno.

"Wifi, haya matope utaacha lini kuyachezea? Mtoto apelekwe na beseni. Dukani kwa Mhindi kuna mabeseni meupe ya bati, yamechorwa maua. Siku hizi watu wanapeleka beseni."

"Beseni limeshonwa na nani?" Mayu aliuliza.

"Limeshonwa! Beseni linashonwa?"

"Basi mkwe atajuaje mtoto ni wangu?"

Shangazi hakuwa mtu wa kushindwa. Alinunua beseni. Akaliweka juu ya kinu, katikati ya ua, ili kila anayepita alione. Lilikuwa zuri kweli, nisiseme uongo, na dada yangu alikuwa anajitazama ndani yake akidhani hatumwoni.

Mayu akasema, "Haya, litasubiri hapo. Kikapu kikikataa, beseni litakwenda." Alisema kwa kucheka, maana kikapu hakijawahi kumkataa.

Akanituma tope.

Mbuga ilikuwa mbali, mwendo wa mtoto kwenda na kurudi ni asubuhi nzima, na njiani kulikuwa na kisima cha kunyweshea ng'ombe. Hapo kisimani nilikuta wenzangu wanacheza mdako. Mimi kwenye mdako nilikuwa hatari. Nilikuwa narusha kokoto moja juu, nachota tano, nadaka, na siku hiyo mkono wangu ulikuwa umeamka. Nikasema nicheze mara moja tu. Jua lilipofika kichwani nilikuwa nimewamaliza wote, na debe langu tupu. Nikatazama kandokando ya kisima, pale ng'ombe walipokanyagakanyaga. Tope lilikuwa jeusi, limelowa, linanata. Nikajiambia, tope ni tope. Nikajaza debe, nikajipaka kidogo miguuni mpaka magotini ili nionekane nimetoka mbugani, nikarudi nyumbani naimba.

"Umetoa kulekule, kwenye bonde, palipo na matete?"

"Kulekule, Mayu."

Akauzika ukindu. Siku tatu. Akautoa, akauosha, akaunyanyua juani.

Haukuwa mweusi. Ulikuwa rangi ya maji ya kuoshea sufuria. Kahawia iliyochoka.

Nakumbuka uso wake. Hakukasirika, alishangaa tu, kama mtu aliyeitwa na asiyemjua. Akasema magome yalikuwa machanga. Akaenda mwenyewe kuchuna mengine kwenye mti mkubwa zaidi, akayachemsha tangu alfajiri. "Nenda kaniletee tope jipya," akaniambia.

Hapa sasa ndipo mtu mzima ananiuliza, kwa nini siku hiyo hukwenda mbugani? Nami namjibu kwamba hajawahi kuwa mtoto mwongo. Nilipiga hesabu zangu. Nikileta tope la mbugani, litakuwa tofauti na la kwanza, na Mayu ataliona hata kwa kulishika. Atajua. Kwa hiyo ili uongo wa kwanza uwe salama, nilikwenda kisimani tena, nikachota palepale, karibu na alama ya kidole changu. Nilikuwa na miaka tisa, na akili yote niliyokuwa nayo niliitumia hapo.

Ukindu ukatoka kahawia tena.

Mara ya tatu nikaleta tope lilelile la kisimani, naye aliongeza magome, akaongeza siku, akabadilisha chungu, akasema labda ni maji. Aliweka vigae vitano pembeni, kimoja maji ya mvua, kimoja maji ya mto, kimoja magadi, sikumbuki vingine. Mayu alikuwa anajaribu kila kitu kimoja baada ya kingine, kwa utaratibu ambao nimewahi kuwabembeleza wanafunzi wangu waufuate bila mafanikio, na kitu kimoja tu hakukigusa. Hakulijaribu tope, wala hakulitazama mara mbili, kwa sababu lililetwa na mtoto wake.

Wakati huo siku zilikuwa zimekwisha. Shangazi alikuwa anapita pale nyuma ya jiko akiguna tu, na kuguna kwake kulikuwa kubaya kuliko maneno. Asubuhi ya dada kuondoka, wanawake wamejaa uani, unga ukamiminwa ndani ya beseni. Maua mekundu yakafunikwa na unga. Dada, ambaye mwezi mzima alikuwa analipenda beseni lile, alimgeukia Mayu akamwuliza kwa sauti ndogo:

"Kikapu changu kiko wapi?"

"Kimenishinda, mwanangu," Mayu akasema.

Dada akaanza kulia. Wanawake wakapiga vigelegele wakidhani analia kwa kuondoka nyumbani. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya kinu, na bado sikusema. Nisameheni, sikusema.

Wiki iliyofuata Mayu alimwaga vigae vyake. Alivimwaga kimoja kimoja, bila haraka, akavisugua kwa mchanga, akaviweka chini uani vya kunyweshea kuku. Zile kamba za ukindu zenye mafundo, kumbukumbu zake zote, alizitia motoni asubuhi moja akichemsha uji. Jioni alikaa kwenye ngozi yake, mikono mitupu juu ya mapaja. Baba akamwambia aje basi amfundishe bao. Akamwambia asante, amechoka. Baba akaacha kucheza bao siku kadhaa, na kama mngemjua Baba mngeelewa hilo lilikuwa jambo gani.

Mvua zikaja. Tukapanda pamba. Siku moja tukiwa shambani tunapalilia, alipita jirani yetu mmoja, mama ambaye naye alikuwa na binti wa kuolewa, akamwamkia Mayu, kisha akamwuliza kuhusu rangi nyeusi, unaipataje, nami nataka nimshonee wangu.

Mayu hakuinua hata uso. "Usiniulize mimi," akasema. "Mimi sijui."

Mama yangu! Aliyejua kila udongo wa nchi ile kwa jina: luseni ya mchanga ya viazi, mbuga nyeusi ya mpunga, na mingine yote, anaikanyaga tu gizani anakuambia. Alisema hajui. Na alisema kweli tupu, hakuwa anajinyenyekeza. Aliamini hajui. Jembe likaniponyoka.

Jirani alipofika mbali nikasema, "Mayu, tope sikulitoa mbugani."

Akaendelea kupalilia. Akapiga majembe mawili matatu. Akasimama.

"Ulilitoa wapi?"

"Kisimani. Pale ng'ombe wanapokunywa."

"Lile la kwanza?"

"Na la pili. Na la tatu."

Nilifunga macho nikisubiri mpini wa jembe. Nikasikia kitu kingine kabisa. Nilifungua macho nikamwona Mayu amekaa chini kwenye tuta, katikati ya pamba, amejishika kichwa kwa mikono miwili, anacheka. Anacheka machozi yanamtoka.

"Kisimani!" anasema. "Ibushi! Ameniletea ibushi! Magome yangu hayana neno! Mikono yangu haina neno! Baba yao wee, njoo usikie, ni ibushi!"

Baba alikuja mbio na fimbo akidhani kuna nyoka.

Ibushi ni ule udongo wenye vijiwe vyeupe kama chokaa. Ukilowa huwa mweusi kama wa mbuga, mtu asiyejua hatofautishi, lakini wenyewe wanajua. Mayu hakungoja hata tumalize mstari. Alinishika mkono tukaenda kisimani, akachota tope kiganjani, akalinusa, akalionja kwa ncha ya ulimi kama mama mjamzito, akatema. Nyumbani alikamua ukwaju, akasaga vile vijiwe vyeupe, akadondosha maji ya ukwaju juu yake. Vikatoka vipovu vidogo, chwi, chwi. "Unaona? Hili linapigana na uchachu. Magome nayo yana uchachu. Yataelewana wapi?" Akawafukuza kuku, akaokota vigae vyake viwili. Kimoja alikitia tope la kisimani, kingine akakiacha kitupu, akanipa debe.

"Sasa utakwenda mbugani," akasema. "Na mimi nitakuwa nyuma yako."

Siku tatu baadaye tuliutoa ukindu kwenye vigae vyote viwili. Kahawia, na nyeusi. Ilikuwa nyeusi ile ile! Mayu aliushika juani akauzungusha, na sijawahi kuona mtu anaangalia kitu kwa furaha vile, hata wanaume na ng'ombe wao. Nikaanza kucheka na mimi. Nikajua nimesamehewa.

Akausokota ukindu vizuri, akautundika, akanawa mikono. Kisha akakata fimbo mtini.

"Sasa tuje kwenye uongo," akasema.

Nilichapwa tatu, moja kwa kila debe, naye alikuwa anahesabu kwa sauti. Vidole vyake vilikuwa bado na rangi, na alama yake nyeusi ilikaa kwenye mkono wangu siku nne, pale aliponishika nisikimbie. Sikuisugua. Niliipenda alama ile, na wala siwezi kueleza kwa nini mtoto apende alama ya kuchapwa.

Kikapu alikishona kipindi chote cha mvua. Mistari myeusi ikapanda, myekundu ikaikata, kama alivyochora kwa kijiti. Lakini karibu na mdomo wa kikapu, mahali pa kuonekana na kila mtu, akazungusha mstari mmoja wa ule ukindu wa kahawia. Nikauelekezea kidole.

"Mayu, huo si ulioharibika?"

"Ndio wenyewe."

"Utautoa?"

"Kwa nini niutoe?"

Baada ya mavuno tulipanda lori la pamba, mimi na yeye na kikapu kimefungwa ndani ya kitenge, tukashuka Malampaka, tukatembea mpaka kwa kina dada. Dada alikuwa na mimba kubwa. Alipokiona kikapu alikaa chini papo hapo, kwa sababu ya tumbo, alisema, lakini nilimwona akifuta macho. Mama mkwe wake alikuja, mama mrefu mwenye mikono mikavu, pamoja na wanawake wa nyumba ile. Wakaamkiana sana na Mayu, wangaluka, mhola, habari za ng'ombe, habari za mvua. Halafu akakipokea kikapu, akakigeuza chini juu, akapapasa kila mzunguko kwa kidole gumba. Kidole kilipanda, nyeusi, nyekundu, nyeusi, kikafika mdomoni, kikasimama.

"Mzazi mwenzangu," akasema, "na huu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mayu akanishika bega akanisogeza mbele ya wanawake wale wote.

"Huo ni wa huyu mwanangu mdogo," akasema. "Alinidanganya mara tatu, akaniambia kweli mara moja. Sikutaka hiyo moja ipotee."

Wanawake wakacheka, na dada akacheka mpaka akashika tumbo, maana ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kusikia kilichomkosesha kikapu chake. Mimi sikucheka. Nilikificha kichwa changu kwenye kitenge cha Mayu nikalia kwa sauti kama mtoto mchanga, na yeye akaniacha nilie, akiongea na watu juu ya kichwa changu, mkono wake ukiwa mgongoni mwangu.

Yule mama mkwe hakuwa na habari na machozi ya mtu. Alikuwa bado anaupapasa ule mstari. Akausogeza kwenye mwanga, akaukwaruza kwa kucha, akaulamba.

"Kahawia hii haichuji," akasema. "Unaipataje?"

Nikauinua uso wangu nikamwona anavyojizuia asitabasamu, mama yangu, aliyewahi kusema hajui.

"Kwa tope la kisimani," akasema. "Nitakufundisha. Lakini lazima litoke palepale."

Msimu uliofuata nilipanda tena lori la pamba kwenda Malampaka na debe limefungwa majani mdomoni, zito kama dhambi. Nilikuwa nimelichota kandokando ya kisima, pale ng'ombe walipokanyagakanyaga, na Mayu hakunifuata nyuma.